Je, Wajua? Kalamu na Rangi za Kitui na Makueni

Je, wajua kwamba Mzungu wa kwanza kuandika kuwa ameuona Mlima Kenya aliuona akiwa Kitui? Ilikuwa tarehe 3 Desemba 1849. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Ukambani. Krapf aliripoti theluji kileleni, lakini kule London walikuwapo wasomi waliokataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Krapf alirudi mwaka 1851. Safari hii Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana, na mgeni wake akatokomea porini peke yake. Wajua alibebea nini maji? Mfuko wa ngozi wa darubini yake, pamoja na mitutu ya bunduki aliyoiziba kwa nyasi.

Je, wajua kwamba hadithi, vitendawili na methali nyingi za Wakamba zilichapishwa Sweden? Msomi Msweden Gerhard Lindblom alikuja Ukambani mwaka 1911, akakaa na wazee akiandika. Toleo lililopanuliwa la kitabu chake kikuu lilitoka Uppsala mwaka 1920. Inauma kwamba mtoto wa Makueni akitaka maneno ya babu wa babu yake huenda akalazimika kuyatafuta huko, ila bila Lindblom mengi yangezikwa na wenyewe.

Je, wajua kwamba kabla ya kumlea simba Elsa, Joy Adamson alijulikana kwa maua? Alifika Kenya mwaka 1937 kutoka Austria. Mwaka uliofuata alikwea Milima ya Chyulu, inayopakana na Makueni, katika msafara wa makumbusho ya Nairobi. Aliandamana na mumewe wa wakati huo, Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Bally ndiye aliyembandika jina la Joy na kumhimiza achore mimea. Mwaka 1947 michoro hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu Uingereza.

Na wenyeji waliohamia ughaibuni je? Hapa ndipo pananigusa zaidi. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisomea Makerere, akapata udaktari Cambridge, akarudi kufundisha Makerere, kisha akahamia Uswisi. Huko aliongoza taasisi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni iliyoko Bossey, akafundisha Chuo Kikuu cha Bern na kuchunga usharika mjini Burgdorf kwa miaka 15. Ulimwengu unamjua kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Lakini je, wajua kwamba kitabu chake cha mwanzo, *Mutunga na Ngewa Yake* cha 1954, kiliandikwa kwa Kikamba? Na kwamba alipokwisha kustaafu aliketi na Agano Jipya la Kigiriki, akalitafsiri lote kwa Kikamba, peke yake? Lilitoka mwaka 2014, Mbiti akiwa amevuka umri wa miaka 80. Alifariki Uswisi Oktoba 2019. Sijui shukrani gani ingetosha kazi hiyo.

Wengine walisafirisha picha tu. Kivuthi Mbuno, mzaliwa wa Mwingi, Kitui, mwaka 1947, alikuwa mpishi wa safari za watalii. Alianza kuchora mwaka 1976: wanyama na watu wenye viungo virefu, kwa wino na penseli za rangi. Leo michoro yake imo katika hazina ya sanaa ya Jean Pigozzi, mkusanyaji mashuhuri wa sanaa za Afrika.