Umetapika, lakini tumbo bado limejaa

Malalamiko haya husikika sana kwenye maduka ya dawa: "Nimetapika kila kitu, mbona tumbo bado limejaa?" Anayeuliza hivyo mara nyingi ameshajijibu kwamba ndani kumebaki uchafu. Basi hutia kidole kooni, au hununua haluli ili aharishe. Hapo ndipo anapojiumiza.

Tumbo si ndoo, kwamba ukiipindua yamekwisha. Mfuko wa chakula ni msuli. Mtu akiwa mzima hujikaza mara 3 hivi kwa dakika, ukisaga chakula na kukisukuma kidogo kidogo kwenda utumbo mdogo. Virusi au sumu ya kiporo ikiuchokoza, msuli huzembea na utando wake wa ndani huvimba. Mafunda mawili ya maji yakaonekana kama sinia zima la pilau. Kwa wengi hali hiyo hupita baada ya siku chache. Kwa wachache uvivu wa tumbo hubaki kwa majuma kadhaa, hata virusi vikiwa vimekwisha kuondoka.

Kwa hiyo kujitapisha tena hakutoi uchafu wowote. Kunatoa maji na chumvi za mwili. Pumzika kama dakika 10, kisha unywe maji ya ORS kijiko kimoja kimoja. Kama hakuna paketi, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visifurike. Soda, ambayo kwetu kila mgonjwa lazima aletewe, huongeza gesi, na sukari yake ni nyingi mno. Njaa ikirudi, anza na uji mwepesi au ndizi mbivu. Vya mafuta vingoje, maana mafuta hulichelewesha tumbo.

Lakini yapo matumbo yasiyongojwa. Tumbo limekaza, hakitoki choo wala hewa. Matapishi yana damu, au yanafanana na mashapo ya kahawa. Chakula cha jana kinatapikwa leo kama kilivyoliwa. Hilo la mwisho laweza kuwa mlango wa kutokea chakula umebanwa na makovu ya vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari cha miaka mingi naye amwone daktari, kwani sukari huweza kuharibu mshipa wa fahamu unaoendesha tumbo. Na mtoto aliyebonyea macho, asiyekojoa, apelekwe hospitali hata usiku wa manane, akinyweshwa kidogo kidogo njia nzima.