Daktari wa Akili na Mtoto Asiyejieleza

Lutindi, katika Milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakageuzwa hospitali ya magonjwa ya akili.

Daktari aliyezoea wagonjwa wazima, akianza kusomea tiba ya akili ya watoto, hulazimika kujifunza upya hata kuuliza. Mtu mzima huweza kusema ana huzuni. Mtoto hulalamikia tumbo, hukojoa kitandani, au hurudi nyuma katika masomo. Kwa hiyo mzazi huhojiwa, na mwalimu pia (shahidi anayesahauliwa mno), kwani aliye mkimya nyumbani huenda akawa mkorofi darasani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kufikia miaka 14: umri wa kidato cha kwanza.