Protini Njema Inapozidi Kipimo

Mwaka 2003 wanasayansi waliichunguza familia moja ya jimbo la Iowa, Marekani, iliyokuwa ikisumbuliwa na ugonjwa wa Parkinson kizazi baada ya kizazi. Mtu angetarajia kukuta jeni iliyoharibika. Lakini jeni ya protini iitwayo alfa-sinukleini ilikuwa nzima kabisa, ila ilijirudia: badala ya nakala mbili, ya baba na ya mama, wagonjwa walikuwa nazo nne. Baadaye zikapatikana familia zenye nakala tatu, na kwao ugonjwa huchelewa kuanza na huenda polepole zaidi.

Mimi naupa ugunduzi huo uzito mkubwa. Protini ambayo kila mmoja wetu anayo kichwani, isiyo na kasoro yoyote, ikizidi tu inatosha kumlemaza mtu.

Seli huunda protini kwa kuunganisha asidi amino za aina 20, kama shanga kwenye uzi. Uzi huo haufai kitu mpaka ujikunje ukapata umbo lake, na zipo protini nyingine zinazousimamia, kama kungwi na mwali wake. Zilizokosea kujikunja, na zilizochoka, hupigwa muhuri: hubandikwa ubikuitini, protini ndogo yenye asidi amino 76, kisha huingizwa kwenye proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa, zikakatwakatwa vipande vya kutumika tena. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kuufumbua utaratibu huo. Mafungu yasiyopenya kwenye pipa hupelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha vimeng'enya vinavyosaga karibu kila kitu.

Seli ya ngozi ikilemewa na taka haina shida kubwa. Itagawanyika, itabanduka, nyingine itashika nafasi. Seli nyingi za neva hazigawanyiki. Uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozeeka nayo, na uchafu wa miaka 60 ni wake peke yake, wakati nguvu za kusafisha nazo zinapungua kwa umri. Hapo alfa-sinukleini hushikamana nyuzi kwa nyuzi mpaka zikawa madonge, yale aliyoyaeleza daktari Friedrich Lewy mwaka 1912. Wataalamu bado wanabishana kama kinachoua ni madonge yenyewe au vikundi vidogo vinavyoyatangulia. Seli zinazotoa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo, hufa, mkono ukaanza kutetemeka, hatua zikafupika, uso ukakauka.

Sisi Waafrika tumo humu kuliko tulivyodhani. Jeni ya GBA1 hutoa maelekezo ya kimojawapo cha vimeng'enya vya lisosomu. Utafiti wa mwaka 2023, uliowahusisha Wanigeria na Wamarekani Weusi, ulikuta badiliko la jeni hiyo linaloongeza hatari ya Parkinson. Badiliko hilo ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa Wazungu karibu halipo. Tafiti nyingi zilizotangulia ziliwapima Wazungu, zisingeliona. Na hapa nyumbani, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wengi wa wagonjwa wa Parkinson hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hilo linaniuma, maana dawa ya levodopa ipo, nayo humrudishia mtu uwezo wa kushika kikombe chake.

Ila levodopa hufidia dopamini tu, taka haiigusi. Ndiyo maana macho yameelekezwa kwa ambroksoli, dawa ya zamani ya kulainisha makohozi. Katika jaribio dogo la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020, ambroksoli ilifika kwenye maji yanayouzunguka ubongo wa wagonjwa 17 na kukiongeza humo kimeng'enya hicho cha GBA1. Kama inapunguza kasi ya ugonjwa bado haijathibitishwa, na dozi iliyotumika ilikuwa kubwa mno kuliko ya kikohozi. Mwenye mzazi anayetetemeka asikimbilie duka la dawa. Ampeleke kwa daktari wa neva.