Peptidi za kifua kikuu: miligramu moja inapima watu wangapi?

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imekuwa ikitibu kifua kikuu kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu 1926. Mjini Moshi, taasisi ya KCRI iliyo pamoja na hospitali ya KCMC inautafiti ugonjwa huohuo. Kwa miaka mingi watafiti wa nchi kama yetu walisumbuliwa na jambo moja: watoto wetu huchanjwa BCG mara wanapozaliwa, na kipimo cha ngozi hakitofautishi vizuri kati ya chanjo na maambukizi.

Peptidi zimefungua njia. Hivi ni vipande vifupi vya ESAT-6 na CFP-10, protini mbili ambazo bakteria wa kifua kikuu anazo lakini wa BCG hana. Katika kipimo cha ELISPOT, vipande hivyo huwekwa pamoja na seli nyeupe za damu. Seli zilizowahi kukutana na bakteria huyo hutoa interferoni gama, nayo huacha madoa yanayohesabika.

ESAT-6 ina asidi amino 95. Ukiigawa katika vipande vya asidi amino 15, kila kimoja kikianza hatua 4 mbele ya kilichotangulia, unapata 21. CFP-10 yenye asidi amino 100 inatoa 23. Jumla ni 44. Ufupi huo una faida kiwandani pia, maana asidi amino huunganishwa moja baada ya nyingine. Kila kiungo kikifaulu kwa asilimia 99, asilimia 87 ya vipande vya 15 hufika mwisho vikiwa kamili, ilhali mnyororo wa 95 hufika kwa asilimia 39 tu.

Sasa bei. Tuchukue shilingi 12,500 kwa kila asidi amino, kwa mfano tu. Kipande kimoja cha miligramu 1 ni 187,500, na vyote 44 ni shilingi 8,250,000. Kishimo kimoja cha sahani ya ELISPOT kina mikrolita 200 na kinahitaji mikrogramu 2 za kila peptidi kwa mililita, yaani mikrogramu 0.4. Kwenye karatasi, basi, miligramu moja inatosha vishimo 2,500. Mtu mmoja akipewa vishimo vitatu, ni watu 833 kwa shilingi 9,900 hivi kila mmoja.

Bajeti nyingi huishia hapo, na hapo ndipo zinapokosea. Cheti kinachosema usafi ni asilimia 95 kinaeleza ni sehemu gani ya peptidi iliyomo ni ile uliyoagiza. Hakisemi unga wote ni peptidi. Sehemu ya unga ni chumvi na maji. Peptidi halisi ikiwa asilimia 70, kichupa cha miligramu 1 kina mikrogramu 700. Soma namba zote mbili kabla ya kufungua. Na wakati wa masika usifungue kikiwa baridi: kiache kwanza kifikie joto la chumba, la sivyo unga utanyonya unyevu wa hewa. Usijaribu kuupima tena kwa mizani, kwani kosa la miligramu 0.1 ni asilimia 10 ya mali yote. Yeyusha kichupa kizima.

Kiyeyushi kinachotumika sana ni DMSO, nacho kikizidi kinaumiza seli. Ukiyeyusha kila peptidi katika mikrolita 100 kisha ukachanganya zote 44, kishimo kitapata DMSO asilimia 1.26. Hiyo ni nyingi mno. Ukitumia mikrolita 20, itakuwa 0.25, na seli zinavumilia. (DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5, kwa hiyo asubuhi za Julai usishangae kuikuta imekuwa barafu; ipashe moto kidogo.) Peptidi zenye sisteini au methionini zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu DMSO yenyewe inaweza kuzioksidisha.

Mchanganyiko wote ni mikrolita 880. Ugawe katika vichupa 88 vya mikrolita 10, na kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. Kimoja kinatosha vishimo 19, yaani watu 6, kinachobaki kinamwagwa. Wanaopimwa ni 528, kwa shilingi 15,625 kila mmoja. Mtafiti atasikia uchungu kumwaga masalio hayo, lakini mimi ningeyamwaga. Peptidi iliyoganda na kuyeyuka mara kwa mara hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, kisha mgonjwa aliyeteremka kutoka Sanya Juu kutoa damu anapewa jibu la uongo, na hakuna anayegundua.

Jokofu nalo liingie kwenye hesabu. Vichupa 88 vikikaa kwenye friza moja ya nyuzi −80, na umeme ukakatika usiku jenereta isiwake, fedha yote iko hatarini. Vigawe 44 kwa 44 kwenye friza mbili zenye laini tofauti za umeme. Moja ikifa, unabaki na vipimo vya watu 264 na shilingi 4,125,000 zako ziko salama.