Asali ya Meatu, Chai ya Rangi na Hesabu ya Wanga

Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Mkazi wa Mwandoya anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, ameshameza gramu 36 kabla hajagusa chakula. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo wa siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chai peke yake imeshavuka mstari huo.

Na chai hainywewi kavu. Katika kata hii ya wilaya ya Meatu, kwenye barabara inayotoka Bariadi kupitia Kisesa kwenda Mwanhuzi, kitafunwa cha asili ni michembe au matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Michembe huanikwa mibichi, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yaanikwe. Ule utamu wa matobolwa hautokani na sukari iliyotiwa na mtu: kiazi kinapopata moto, vimeng'enya vyake huvunja wanga na kuugeuza sukari iitwayo maltozi. Kiazi kibichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu, na wanga wake ni kama gramu 20 katika kila gramu 100. Jua likishaondoa maji, wanga ule ule unabaki ndani ya kipande kidogo. Mchana unakuja ugali, ambao unga wake una takriban gramu 75 za wanga katika kila gramu 100, uwe wa mahindi au wa mtama.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kama kibadala cha sukari kitamsaidia mtu au kitampotezea fedha. Mlo wa wanga kidogo kwa kawaida ni ule usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku, na wale wanaofuata mtindo mkali zaidi hushuka hadi 50 au hata 20. Anayebadilisha sukari ya chai huku ugali ukibaki mlima ule ule amepunguza gramu 36, na bado ana mamia ya kushughulikia. Zile 36 si haba, lakini aliyeanza nazo na kuishia hapo asishangae kipimo chake kisipobadilika sana.

Mazungumzo haya kuhusu sukari na wanga hayakuanzia vijijini. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kushika uongozi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika mwaka 2025, aliifanya sukari kuwa gumzo la vijiweni. Vipande vya video vyake kuhusu sukari, wanga na kula mara nyingi vilizunguka kwenye simu nchi nzima. Wako waliomcheka, wako waliomsikiliza, na wengi walifanya yote mawili. Waliosikiliza walirudi nyumbani na swali moja: sasa kwenye chai niweke nini?

Jibu linalotolewa haraka kuliko yote ni asali.

Kwa mtu wa Meatu jibu hilo lina mizizi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa asali barani Afrika, na upande wa mashariki wa wilaya hii, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao hufuata nyuki porini wakisaidiwa na ndege anayewaita na kuwaongoza hadi kwenye mzinga. Watafiti waliopima chakula chao, akiwamo marehemu Frank Marlowe, walikadiria kwamba asali huwapatia kama asilimia 15 ya nishati yote wanayokula. Hata hivyo kisukari na unene ni nadra mno kati yao. Habari hii hupendwa sana na wauza asali, na nusu yake ya pili huachwa njiani: watafiti walipowavisha Wahadzabe vifaa vya kupimia mwendo, waliona wanaume wakitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6. Vyakula vyao vingine ni nyama, mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, matunda ya porini na ubuyu. Hakuna anayemimina asali kwenye chai na maandazi kisha akakaa dukani hadi jioni.

Kwa kijiko cha chai, asali ina sukari nyingi kuliko sukari yenyewe. Ni nzito, kwa hiyo kijiko kimoja hufika gramu 7, na karibu gramu 6 kati ya hizo ni fruktozi, glukozi na sukari nyingine. Ni kweli kwamba ina ladha inayomfanya mtu atosheke na kidogo, na ni kweli hupandisha sukari ya damu polepole kidogo kuliko sukari ya mezani. Tofauti hiyo haitoshi kuiingiza kwenye mlo wa wanga kidogo. Asali ni chakula kizuri, ina matumizi yake, na mkulima wa nyuki anastahili soko. Kibadala cha sukari si kazi yake.

Sukari guru imo kwenye kundi hilo hilo, pamoja na sukari ya kahawia na tende zilizosagwa. Rangi ya udongo na neno "asilia" kwenye pakiti havibadilishi kinachotokea tumboni. Tende kavu, kwa mfano, ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzito wake.

Vibadala vya kweli vina historia ya ajabu kidogo, kwa kuwa vibadala kadhaa viligunduliwa kwa bahati, mara nyingine na watu wasionawa mikono. Mwaka 1879 Constantin Fahlberg, mkemia aliyekuwa akifanya kazi na masalia ya lami ya makaa ya mawe katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikwenda kula akaona mkate wake ni mtamu kupita kiasi. Utamu ulikuwa vidoleni mwake. Ile ilikuwa sakarini, tamu kuliko sukari zaidi ya mara 300. Mwaka 1965 James Schlatter, akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, alilamba kidole apate kufunua karatasi, akakutana na aspatamu. Sukralozi ilipatikana London mwaka 1976, na utamu wake ni kama mara 600 ya sukari. Kwa kuwa kinachohitajika kwenye kikombe ni chembe tu, wanga unaoingia mwilini ni kama hakuna.

Matatizo huanza pale chembe hiyo inapotakiwa kujaza pakiti. Sukralozi ya kutosha chai ni miligramu chache tu, haishikiki kwa kijiko, kwa hiyo mtengenezaji huichanganya na unga wa kuijaza, mara nyingi maltodekstrini au dekstrozi. Hivyo viwili ni wanga mtupu, na hupandisha sukari ya damu kwa kasi inayokaribia ile ya glukozi. Kipakiti kimoja kina kama gramu moja, hakimdhuru mtu. Anayemimina kikombe kizima kwenye unga wa keki, akiamini hakuna wanga, anajidanganya. Vidonge vidogo vya kwenye kikopo, au matone, kwa kawaida hubeba kijazio kidogo zaidi. Ndiyo maana mnunuzi makini hugeuza pakiti na kusoma upande wa nyuma, ambako viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Pakiti yenye picha kubwa ya jani la stevia mbele na maltodekstrini juu ya orodha nyuma ni pakiti ya maltodekstrini.

Aspatamu ina udhaifu wake mwingine: moto mrefu huivunja, utamu ukapotea. Itie kwenye chai iliyokwisha kumiminwa, usiichemshe ndani ya sufuria. Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria hawapaswi kuitumia kabisa. Kuhusu saratani, Julai 2023 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa ushahidi aliouita hafifu. Siku hiyo hiyo kamati ya wataalamu wa viambato vya vyakula iliacha kiwango cha zamani kama kilivyokuwa, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa kati ya makopo 9 na 14 ya soda yenye aspatamu kila siku ili akivuke.

Uliopewa nafasi ndogo magazetini ni mwongozo wa Mei 2023 wa shirika hilo hilo, nao una uzito zaidi kwa anayetaka kupungua. Uliwashauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo sukari ili kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana, na tafiti za kufuatilia watu kwa miaka zilihusisha matumizi hayo na hatari kubwa zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo. Ushauri huo ulikuwa na masharti, na haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Tafiti za namna hiyo hazithibitishi chanzo, kwani mtu anayeanza kunenepa ndiye anayekimbilia soda isiyo na sukari. Hata hivyo zinatosha kumzuia mwuzaji asiite bidhaa yake dawa.

Stevia ndiyo inayopata sifa nyingi siku hizi, kwa sababu ni mmea. Watu wa kabila la Guaraní huko Paraguay waliyatumia majani yake kwa karne nyingi kabla mtaalamu Moisés Bertoni hajaueleza mmea huo kisayansi mwaka 1899. Jirani zetu wanaufahamu shambani: kampuni ya PureCircle iliingia mikataba na wakulima wa Kericho na maeneo yanayoizunguka nchini Kenya. Kwa Meatu, nyanda kavu za pamba na ng'ombe, ni mmea wa kumwagilia. Kinachouzwa dukani si jani, bali dondoo lililosafishwa, na ni hilo lililopewa kibali cha usalama. Halina wanga, linavumilia moto, na huacha uchungu kidogo mdomoni ambao wengine hawauzoei kamwe.

Kundi la mwisho ni la vitu vyenye majina yanayoishia na "-toli". Erithritoli haipandishi sukari ya damu na ladha yake inakaribia sukari, ndiyo maana inapendwa na wafuasi wa wanga kidogo. Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic waliripoti kwamba watu wenye kiwango kikubwa cha erithritoli kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwili wenyewe pia hutengeneza erithritoli, kwa hiyo mjadala haujaisha, lakini mwenye tatizo la moyo ana sababu ya kutoikumbatia. Maltitoli, inayotiwa kwenye peremende na biskuti za "bila sukari", hupandisha sukari ya damu kwa kiasi cha kuhesabiwa, na ikiliwa nyingi huharisha. Zailitoli ni sumu kwa mbwa, jambo la kukumbukwa katika boma lolote la mfugaji.

Bidhaa nyingi kati ya hizi hutafutwa mjini, na bei yake si ya kila mfuko. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uzalishaji viwandani, bei ya sukari ilipanda kupita shilingi 4,000 kwa kilo sehemu nyingi za nchi, na kaya nyingi zikajikuta zinapunguza vijiko bila kushauriwa na daktari yeyote. Hapo ndipo ilipo njia rahisi kuliko zote: vijiko vitatu viwe viwili, baada ya wiki kadhaa kiwe kimoja. Ulimi huzoea. Mdalasini, hiliki, tangawizi na mchaichai havina wanga wa kuhesabiwa na huipa chai ya rangi sababu ya kunywewa. Maziwa yahesabiwe, maana glasi moja ina kama gramu 12 za sukari ya asili. Na sahani ya Usukumani ina vitu vingi vya kujazia pengo la ugali uliopunguzwa: nsansa, mlenda, dagaa, sato, karanga, maziwa mgando yasiyotiwa sukari.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, mabadiliko haya yaanzie kliniki. Dozi iliyopimwa kwa mlo wa ugali mwingi inaweza kumwangusha mtu aliyeacha ugali ghafla. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, stevia wala Coca-Cola Zero haitamsaidia, kwa kuwa hazina kile ambacho damu yake inakosa. Anahitaji sukari halisi: vijiko vitatu hadi vinne kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15 na ale chakula. Hata nyumba iliyoacha sukari kabisa inapaswa kuwa na pakiti yake mahali ambapo kila mmoja, watoto wakiwemo, anapajua. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Apelekwe kituo cha afya mara moja.