Madoa Sugu katika Rangi ya Motokaa

Wasomaji wetu wa Kagunga huenda wakastaajabu kuona twaandika habari za motokaa, maana kwa miaka mingi kijiji chao kilifikiwa kwa maji, milima nyuma yake na ziwa mbele yake. Lakini wako watu wa Kagunga wenye motokaa. Ila motokaa hizo hulala Kigoma mjini, uani kwa jamaa, na mara nyingi chini ya mwembe. Na mwembe huo ndio mwanzo wa maneno yetu.

Kijana mmoja alikabidhiwa motokaa ya mjomba wake, akachukua abiria kati ya Kigoma na Ujiji. Akaletewa habari ya msiba Kagunga, akapanda boti, akakaa huko siku tisa. Aliporudi aliikuta motokaa ina matone ya utomvu wa mwembe na mavi ya ndege yaliyokauka, na chini ya milango vitone vyeusi vya lami. Mjomba alikuwa anakuja kesho yake. Kwa hofu, kijana akatwaa wembe, kisha akasugua kwa kitambaa na mchanga wa ufuoni, kama tusuguavyo masufuria. Madoa yakatoka, na rangi ikatoka pamoja nayo.

Sisi tulikuwapo mjomba alipofika. Aliizunguka motokaa mara mbili, kisha akauliza, “Mwanangu, nani ameikwaruza?”

“Ni mimi, mjomba. Nilitaka uikute safi.”

“Ungeniachia chafu, ningekushukuru.”

Kijana alilipa gharama ya rangi kwa mapato ya miezi miwili, na nyumba yake ikaona dhiki.

Kosa lake lilikuwa haraka. Rangi ya motokaa si nene kama watu wadhanivyo: tabaka zake zote, pamoja na ile ya juu iliyo kama kioo, kwa kawaida hazizidi sana unene wa nywele mbili zilizolazwa pamoja. Mchanga ni mgumu kuliko rangi. Kila punje huchora mfuo wake. Basi doa halikwanguliwi. Hulainishwa, na mwenye kulilainisha hana budi kungoja.

Peleka motokaa kivulini, uiache mpaka bati lipoe. Mwagia maji kwanza, ili vumbi liondoke kabla kitambaa hakijagusa rangi. Mavi ya ndege, lazia juu yake kitambaa cha pamba kilicholowa maji ya vuguvugu, ungoje dakika kumi, kisha inua taratibu bila kusugua. Yasipotoka, rudia tena. Doa hili halifai kuachwa siku nyingi, maana jua huilainisha rangi na baridi ya usiku huibana, hata alama ikakaa humo humo.

Lami haisikii maji, kwa sababu yenyewe ni jamii ya mafuta. Mafuta hulainishwa kwa mafuta. Mawese yetu ya Kigoma yaweza kufaa, ingawa ni mekundu na huganda, kwa hiyo sisi twapendelea mafuta ya alizeti. Paka, ngoja robo saa, futa kwa kitambaa laini, paka tena. Kisha osha kwa maji na sabuni isiyo kali. Wako watumiao mafuta ya taa. Hufanya kazi upesi, lakini yasikawie juu ya rangi, wala moto usiwe karibu. Petroli hatuishauri hata kidogo.

Utomvu wa mwembe ndio mgumu kuliko yote. Ukiwa mbichi, maji ya vuguvugu na sabuni hutosha. Ukiisha kukauka, lainisha kwa mafuta kama lami. Sehemu iliyobaki iguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kwa muda mfupi, kisha osha mara moja. Lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana, hasa kama motokaa imepakwa rangi upya kwa fundi wa mtaani, kwani baadhi ya rangi hizo huyeyuka. Tina ya mafundi usiisogeze.

Na tafadhali, kazi hii isifanywe ufuoni. Maji yale yale ndiyo tunywayo, tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kudhuru ufuo ndani ya mita 60 kutoka majini.

Mwisho ni nta. Watu wa Kagunga wanaikumbuka meli Liemba, iliyowachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka ufuoni kwao mwaka 2015. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 ikasafiri tena. Nta juu ya rangi hufanya kazi ya namna hiyo: utomvu huishika nta, si rangi. Ipake kila baada ya miezi michache, ukiwa umekwisha kuosha na kukausha.

Yule kijana angali anaendesha motokaa ile ile. Safari zake za Kagunga zinapokuja, huifunika kwa turubai jepesi na kuiegesha mbali na mwembe, ingawa jua la huko ni kali.