Ugomvi wa redio kaseti

Kabla ya 1994, walimu wengi wa Rwanda waliwasimamisha wanafunzi darasani kwa makabila: Wahutu kwanza, halafu Watutsi. Wapo watoto waliorudi nyumbani kuuliza wao ni nani. Kwa hiyo baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka huo serikali ilisimamisha kwanza somo la historia ya nchi. Darasa lenyewe lilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Elimu ya amani ikapitia mlango mwingine. Mwaka 2004 redio, chombo kilekile ambacho kituo cha RTLM kilikitumia kuchochea mauaji, ilianza kurusha igizo la Musekeweya, yaani Pambazuko Jipya. Vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinagombania ardhi hadi kushambuliana, na katikati ya uhasama huo wapo vijana wanaopendana. Makabila hayatajwi. Msikilizaji anajua.

Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alilipima igizo hilo kwa mwaka mzima. Vikundi kadhaa vililisikiliza. Vingine vilipewa igizo la afya. Matokeo aliyochapisha 2009 hayakuwafurahisha waliotaka mioyo igeuke: imani za watu hazikusogea sana. Kilichosogea ni vile walivyodhani majirani zao wanakubali nini, pamoja na mwenendo wao wenyewe.

Mwishoni kila kikundi kilizawadiwa redio kaseti na kanda za igizo lake. Wa igizo la afya, kwa kawaida, walimkabidhi kiongozi wao azitunze, shauri likaisha. Wa Musekeweya wakaanza kubishana: zikae kwa nani, na kwa nini yeye? Wengi wakataka zisimamiwe na kikundi kizima.

Mimi ubishi huo naupenda kuliko mahubiri yoyote ya upendo. Mwaka 1994 amri ilishuka toka juu, na wengi mno wakaitii.

Shuleni nako, mtaala wa 2015 umeingiza amani na maadili katika masomo yote, na unataka wanafunzi wajadiliane. Jambo jema, ila si jepesi. Kuna sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyopitishwa 2008 na kuandikwa upya 2018, na mwalimu anayeulizwa swali gumu hupima kila neno asije akateleza. Mara nyingine anaona heri alikwepe. Basi mtoto analibeba hadi nyumbani, kama wale wa zamani.